Kaka, Nililala Njaa Hotelini

Kaka yangu mpendwa Bahati,

Karatasi hii imetoka mbali. Juu yake kuna jina la hoteli kwa herufi za dhahabu, na usianze kunicheka, sikuiiba. Karatasi kama hizi zilikuwa kwenye meza ya chumbani pamoja na bahasha zake, na mama aliyekuwa akisafisha chumba aliniambia ni za mgeni. Bahasha nyingine nimempa Neema achezee. Yako sikuifunga, na sababu nitakueleza nikifika mahali pake.

Najua habari imekwisha kukufikia, maana huko kwako Pinga hakuna barabara lakini masikio yapo. Ndiyo, dada yako alipanda ndege. Chama cha watengeneza jibini wa milimani kiliita watu kutoka nchi mbalimbali, na hapa Bihambwe wakaniita mimi kwa ajili ya fromaji, jibini yetu, tunayotengeneza na mama wenzangu kumi. Nilivuka mpaka, nikapanda ndege Kigali, na siku ya pili nikajikuta Uswisi, katika mji wa zamani juu ya milima, theluji imefunika kila kitu. Mwenye hoteli moja kubwa alikuwa amejitolea vyumba kwa wageni. Ndivyo nilivyolala siku tano katika hoteli ya matajiri, mimi niliyelala miaka miwili chini ya turubai.

Kusema kweli, wewe ndiye uliyepaswa kwenda. Unakumbuka wale wageni waliokuja kununua fromaji kwa Papa? Kila mmoja alisimama mlangoni, akatazama vilima na ng'ombe, akasema maneno yaleyale, kwamba Masisi ni Uswisi ya Afrika. Papa alikuwa akiwasikiliza kwa heshima mpaka waondoke, kisha anatuuliza, "Na kwabo banasemaka kama kwabo iko Masisi ya Ulaya?" Wewe ukamjibu, "Papa, siku moja nitaenda kubauliza." Ulikuwa na miaka kumi na nne na suruali yenye kiraka, na mimi niliamini kabisa kwamba utakwenda.

Basi nimekuulizia. Nilimuuliza mzee mmoja wa mkutano wetu, mtu wa mji uleule, kama amewahi kusikia kwamba nchi yake inafanana na Masisi. Akasema hapana, hajawahi. Nikamwambia, "Sasa umesikia." Alicheka hadi akatoa miwani, na toka siku hiyo kila tulipokutana alinisalimia, "Habari za Masisi kubwa?" Papa angelipa ng'ombe kusikia hilo.

Lakini kufanana tunafanana, Kaka. Nyumba za mji ule ni za mbao, nyeusi kwa jua la miaka mingi, zimejengwa zamani na watu maskini wa ng'ombe kama sisi. Kengele ya kanisa inasikika bonde zima. Asubuhi ukungu unapanda kutoka chini kama unavyopanda kwetu. Tofauti ni shughuli za watu. Wanapandishwa mlimani ndani ya vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, wanafika juu, wanafunga mbao miguuni, wanateleza mpaka chini, halafu wanapanga foleni wapandishwe tena. Nilikaa dirishani saa nzima nikingoja nimwone hata mmoja anayeshuka na kuni. Hakuna.

Hoteli yenyewe sijui nikuelezeje. Sakafu ya bafuni ina joto, ukikanyaga unadhani ng'ombe ametoka kulala hapo. Zulia linameza hatua zako, hujisikii ukitembea. Kitanda kinatosha mimi, Neema, Mama na wageni wawili. Usiku wa kwanza kilinishinda, nikatandika kitenge chini. Asubuhi nilitandika kitanda vizuri, nikafuta meza, nikapanga taulo, maana mgeni mwenye adabu haachi chumba ovyo. Yule mama wa kusafisha, jina lake Maria, Mreno, alipofungua mlango alishtuka. Akaniuliza kwa Kifaransa kama nimekosa kuridhika naye. Alidhani atapoteza kazi kwa sababu yangu! Ilibidi tuketi wote wawili ukingoni mwa kitanda nimweleze malezi ya Mama.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya zulia. Nakuandikia kwa ajili ya vitu viwili nilivyovikuta kule.

Cha kwanza kilikuwa ukumbini, mahali wageni wanapopokelewa. Karibu na moto palikuwa na sufuria ya shaba. Sufuria ya fromaji, pana, yenye mshikio wa chuma na tumbo lililobonyea upande mmoja. Niliacha mzigo wangu katikati ya ukumbi, hata sikumsalimia aliyekuwa akinipokea, nikaenda moja kwa moja. Ndani walikuwa wameweka maua makavu. Niliyasogeza, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kijana wa mapokezi akaja taratibu kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Nilidanganya.

Nilimwona Papa amekunja shati. Hakuwahi kutumia kipimajoto, alichovya kiwiko ndani ya maziwa, akafumba macho, na sisi tukanyamaza kama kanisani. "Bado. Maziwa iko inalala." Au, "Haya, imeamuka, leteni dawa ya kuigandisha." Na wewe nyuma yake unamwigiza, umefumba macho na kiwiko chako kwenye ndoo tupu, mimi najiziba mdomo nisicheke. Maziwa yakiganda ulikuwa unaiba kipande cha kwanza, kile kinacholia meno yakikitafuna, unanipa nusu. Papa alikuwa anajua. Mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa anatuachia kipande hicho makusudi.

Na nilikuona siku tulipokimbia vita. Papa alisema kila mtu abebe anachoweza. Mama alibeba maharagwe ya mbegu, mimi nilibeba tumbo langu la miezi minane, na wewe ukaivaa sufuria mgongoni, mdomo chini, kichwa chako kimezama ndani. Mvua ikaanza kuipiga. Barabara nzima ilikuwa ya watu wanaolia, na mtu mmoja akapaza sauti, "Angalieni kobe ya Papa Fromaji!" Ukajibu kutoka ndani ya shaba, "Kobe hafukuzwake mu nyumba yake, anaibebaka!" Watu wakacheka, Kaka. Siku ile, kwenye ile barabara, watu walicheka. Nilitembea mpaka jioni kwa nguvu ya kicheko kile.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hatujawahi kulisema. Wiki chache baadaye, kule kambini, uchungu ulinishika na mtoto akawa amelala vibaya. Hospitalini walisema nipasuliwe, tena upesi, na hatukuwa na kitu. Papa alikuwa ameenda kutafuta kibarua, angerudi baada ya siku mbili. Ukaibeba sufuria tena mgongoni, ukaiuza. Nilipozinduka Neema alikuwa pembeni yangu amefungwa kwenye kitenge cha Mama, analia kwa hasira, mzima. Wewe ulisimama mlangoni kidogo, ukamwangalia kwa mbali, ukasema unaenda kuchota maji.

Papa alirudi mapema, siku hiyohiyo, akakuta pahali pa sufuria pako wazi. Mama alikuwa hospitalini na mimi, hapakuwa na wa kumweleza. Alikukuta kwenye foleni ya maji, watu wote wa mstari wetu wa mahema wamesimama pale, akakuambia, "Umeuza mikono yangu. Nisikuone tena mbele yangu." Neno moja tu lingekuokoa. Ungesema "dada", yangeisha. Ukanyamaza, ukaweka bidoni ya maji chini, na kesho yake ukaenda njia ya Walikale.

Kwa miaka mingi sikuelewa kwa nini ulinyamaza. Mama ndiye aliyenieleza. Ulikuwa umemwapisha pale hospitalini, ukamwambia, "Dada asijue. Sitaki mutoto akomae banamuita bei ya sufuria." Mama alitunza kiapo siku tatu, kisha kikamshinda, akamwambia Papa. Papa alikaa chini palepale, kwenye matope. Akauliza umepita wapi, wakamwonyesha barabara, akaitazama muda mrefu sana.

Na hapa ndipo tulipopotea sote. Wewe unajua desturi yetu kama ninavyoijua: aliyefukuzwa kwa neno la baba harudi kwa miguu yake. Mtu wa nyumbani lazima amfuate, aketi kwake, ale kwake, ndipo waondoke pamoja. Lakini barabara ilikuwa imefungwa. Ilipofunguka, Papa alikuwa anaumwa. Na sisi tukajiambia kwamba Bahati ana akili, atasikia mambo yametulia, atakuja mwenyewe. Tukawa tunatuma salamu kwa wachuuzi. Tulisikia uko Bisie unachimba madini, tukatuma salamu. Tulisikia mashimo yameingia mashine na wewe umehamia Pinga kulima, tukatuma salamu. Nawe ukazirudisha kwa adabu zote. Salamu zetu zimetembea msitu ule kuliko mtu yeyote, na hakuna iliyobeba neno lenyewe, kwa sababu neno kama lile halipewi mchuuzi wa chumvi.

Papa alifariki. Hukuja. Na mimi, Kaka, mimi ambaye uliuza sufuria kwa ajili yangu, nilisimama mbele ya waombolezaji nikasema sina kaka. Nilijua yote, na bado nilisema. Nilitamani uje mpaka hamu ikageuka hasira.

Kwa hiyo sikufunga bahasha. Nimemwomba katekista wa Pinga aisome barua hii Jumapili baada ya ibada, yote, bila kuruka. Papa alikugombeza mbele ya watu, na mimi nilikukana mbele ya watu. Sioni kwa nini ukweli uje kwako kwa kunong'ona. Watu wa Pinga, huyu mnayemwita mchimbaji wa zamani alibeba nyumba yetu mgongoni, kisha akaiuza ili mimi na mtoto wangu tuishi. Akatukanwa kwa hilo. Akanyamaza. Kama hamkujua mnaishi na nani, mjue leo.

Cha pili nilichokikuta kule ni hiki, na hapa una ruhusa ya kucheka. Nilifika siku moja kabla ya wenzangu wa mkutano. Yule kijana wa mapokezi alinipa ufunguo, akaniambia, "Mama, wewe ni mgeni wetu. Kila kitu kiko tayari." Basi nikajua la kufanya. Si Mama alitufundisha kwa fimbo? "Mugeni haombake chakula. Anaikala, anaitwa." Nilioga, nikavaa kitenge kizuri, nikakaa kwenye kiti nikitazama mlango. Jioni ikaingia. Nikasikia watu wakishuka, vicheko, harufu ya nyama na vitunguu inapita chini ya mlango. Nikajisemea, wanahudumia wakubwa kwanza. Saa moja, saa mbili. Tumbo likaanza kulalamika. Mwishowe nilifungua karanga za Mama nilizobeba kuwapa wenyeji, nikala zawadi ya watu, nikalala njaa katika hoteli ya matajiri.

Maria ndiye aliyeniokoa asubuhi, tulipokuwa tumekaa pale kitandani. Aliona maganda ya karanga, akaniuliza nimekula nini jana. Nilipomwambia, alishika kichwa. Akanishika mkono, akaniteremsha mpaka chumba cha kulia, akanionyesha meza karibu na dirisha. Kitambaa cheupe, sahani, glasi tatu, na kikaratasi kilichoandikwa jina langu. Tangu jana jioni, Kaka. Mhudumu mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amesimama karibu na meza ile mpaka walipofunga. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuniita. Akanijibu kwa upole sana kwamba pale mgeni hasumbuliwi chumbani, walifikiri labda nimechoka, walitaka kuniheshimu.

Wakaniletea mkate, mayai, jibini za aina sita. Nilikata kipande kimoja, nikakiweka mdomoni, machozi yakaanza kutoka. Yule mhudumu aliogopa, akadhani jibini imeharibika. Jibini ilikuwa nzuri, ingawa chumvi yetu ni bora. Nililia kwa sababu niliwaza meza yako, wewe, imeandaliwa miaka minane, na sisi juu tumevaa vizuri tunatazama mlango. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Wote tulikuwa na adabu. Adabu ndiyo iliyotulaza njaa.

Siku zilizobaki nilijifunza mambo mengi ya maziwa, nitakueleza. Nilitengeneza fromaji mbele yao kwa kiwiko changu, na yule mzee wa miwani akachomeka kipimajoto chake ili aone nimekosea kiasi gani. Alikitazama, akakifuta, akakirudisha mfukoni. Lakini akili yangu ilikuwa imekwisha kurudi huku.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama anachambua maharagwe. Nikamwambia habari ya meza. Alicheka kwanza, kisha akaacha kuchambua.

"Sisi tulikuwa tunamungojea yeye," akasema.

"Na yeye iko anatungojea sisi, Mama."

"Nani alikuambia?"

Nikamwita Dezire, yule motari anayekwenda Pinga kila wiki kwa pikipiki yake, ambaye ameshika barua hii. Nilikuwa nimemuuliza sokoni kama ameona kwako. Akarudia mbele ya Mama, "Kaka Bahati iko na nyumba ya vyumba viwili. Kimoja njo anamolalaka. Kingine kiko na kitanda, kiko na mukeka mupya, lakini hakuna muntu analalamo. Tulimuulizaka, akasema kile ni cha batu ya kwetu."

Mama alichambua maharagwe mengine machache. Halafu akainuka, akamimina yote yaliyochambuliwa kwenye mfuko, akaufunga kwa kamba. "Basi enda. Lakini usiende mikono mitupu."

Neno la Papa naliandika hapa, nisije nikafika kwako nikaanza kwa kulia. Siku zake za mwisho alikuwa anaomba tumweke nje, kiti chake kielekee barabara ya Nyabiondo, ile inayokuja huko kwako. Jioni moja alinishika mkono, akasema, "Mumuambie sikujua. Kama ningejua, ningeibeba miye mwenyewe ku soko." Ni hayo tu, Kaka. Nimeyabeba muda mrefu, sasa ni yako.

Sina sufuria ya shaba ya kukuletea. Tunatengeneza fromaji kwenye aluminiamu, inaungua kidogo chini, na mama kumi wananisikiliza mimi kuhusu maziwa kwa sababu hawajawahi kukuona wewe ukifanya kazi. Vilima viko pale pale. Ng'ombe wa jirani wamerudi, si wengi, lakini kila asubuhi maziwa yanakuja, na kila asubuhi nikichovya kiwiko nasikia nimesimama upande mmoja tu wa sufuria. Nina tumaini, Kaka. Nilikuwa nimesahau lilivyo, ni kama njaa ya asubuhi, si ile mbaya, ile ya mtu anayejua kuna chakula.

Neema ana miaka minane. Anajua habari yako yote, nilimweleza mwenyewe, na hakuona aibu hata kidogo. Aliuliza tu sufuria ilikuwa kubwa kiasi gani. Nilipomwonyesha kwa mikono, akafikiri, akasema, "Basi anko ananipenda sana." Nikamwambia ndiyo, kiasi hicho.

Barua hii isomwe Jumapili. Jumatatu tutakuwa njiani, mimi na yeye, Dezire akirudi kutuchukua, na Mungu akipenda Jumanne tutakuwa kwako. Usitoroke kwenda shamba. Tutakaa, tutakula kwako, kama inavyotakiwa. Na nimekwisha kuelewana na Dezire kuhusu safari yenyewe. Nimemwambia kwenda ni watu wawili, kurudi ni watatu. Aliangalia pikipiki yake, akaangalia barabara, akasema, "Mama Neema, tutabanana, lakini tutafika."

Ni mimi, dada yako mdogo, mama yake Neema, niliyesema sina kaka.